Jina la Baba Khem

Bibi Tulasa Koirala wa Akron, Ohio, aliyajua maswali mia ya uraia kuliko walioyatunga. Alijifunzia jikoni mwaka mzima, kila swali na pishi lake: mito mirefu akikaanga bizari, makoloni kumi na matatu akikanda unga, Katiba akisaga nyanya za achari. Rais, makamu, spika, jaji mkuu, maseneta wote wawili wa Ohio, aliwataja kwa sauti hata kasuku wa jirani akawa karibu kupiga kura. Mwanamume mmoja tu katika Marekani nzima ndiye ambaye hakuweza kumtaja. Mume wake.

Kwao mke mwenye adabu hamtaji mumewe kwa jina. Ukimtaja unampunguzia siku za kuishi, na kila mwanamke anamjua jirani aliyejisahau mara moja akaishia mjane. Basi Tulasa alimwita Baba Khem, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na kabla Khem hajazaliwa alimwita "wee, sikia." Hivyo ndivyo walivyoishi kule Bhutan mpaka walipofukuzwa, wakaishi hivyo kambini Nepal miaka kumi na minane, na hapa Ohio kumi na mitano. Ndoa ya miaka hamsini na moja, na jina halijawahi kutoka kinywani.

Uraia aliutaka kwa ajili ya pasipoti, na pasipoti kwa ajili ya mtu mmoja, dada yake Kausila, aliyebaki kulekule kambini na macho yanaingia ukungu.

"Njoo ningali naona," Kausila alimwambia kwenye simu. "Ukichelewa, utaniona peke yako."

Siku ya usaili Baba Khem alimpeleka kwa gari hadi ofisi ya uhamiaji, akabaki garini. Majengo ya serikali hayapatani naye.

"Mama Khem," alisema, "wakiuliza habari zangu, waambie mzima. Basi."

Tulasa akaingia na Renuka, binti wa kaka yake, maana wazee wa umri wake wanaruhusiwa kujibu kwa lugha yao na mtu wa kutafsiri. Afisa aliitwa Bwana Pruitt, mtu mpole, mwenye masharubu ambayo ungeweza kuanika soksi juu yake. Akauliza maswali sita, Tulasa akajibu sita kabla Renuka hajamaliza kutafsiri. La saba halikuhitajika, akalijibu pia.

Bwana Pruitt akacheka, akageukia fomu. Anaishi wapi, alizaliwa lini. Tarehe moja Januari, kama nusu ya watu waliotoka kambini, walioandikiwa hiyo kwa kutojua siku yao.

"Umewahi kuwa mlevi wa kupindukia?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyekuwa nikimvua mlevi viatu!"

"Anasema hapana," alitafsiri Renuka.

"Sawa. Jina la mume wako?"

Tulasa akafunga mdomo. Akalipangusa vumbi ua la plastiki lililokuwa mezani, jani moja moja, hata likataka maji.

"Baba Khem," alisema mwishowe.

"Khem ni nani?"

"Mtoto wetu."

"Mama, nataka jina la mume, si la mtoto."

"Bwana afisa, si umeliandika hapo mbele yako? Lisome wewe, mimi nitatikisa kichwa."

"Haiwezekani. Lazima ulitaje mwenyewe."

Renuka akafungua mdomo amwokoe shangazi yake. Bwana Pruitt akainua kidole. "Wewe kazi yako kutafsiri."

Sasa masharubu yakaanza kuingiwa na shaka. "Mama, huyu mume unamfahamu kweli?"

"Namfahamu?" Tulasa akajivuta mbele na kiti chake. "Ana sukari, na bado anaficha peremende ndani ya buti la theluji. Akikoroma, magari ya mtaani yanapisha. Ana kovu gotini, nyati alimkimbiza, ingawa yeye huwaambia watu ni simbamarara. Niulize lolote!"

"Nauliza jina."

"Shangazi," Renuka alinong'ona, "lisipopatikana leo hawezi kumaliza. Utapewa siku nyingine. Jirani yetu mmoja alingoja miezi kumi na mmoja."

Miezi kumi na mmoja. Tulasa akamwona Kausila akipapasa ukuta kutafuta mlango. Akamwona na Baba Khem kule garini, akimngoja. Mmoja macho, mwingine uhai. Akamwomba Mungu amwongezee mzee siku chache za akiba, akajifunika mdomo kwa shali, akalisema.

"Samahani," alisema Bwana Pruitt, "sikusikia."

Akalisema tena. Nyusi za afisa zikapanda.

"Bila shali, tafadhali."

"Haya!" alipiga kelele Tulasa, hata mlinzi wa mlangoni akachungulia. "Narapati Koirala! Umeridhika?"

Bwana Pruitt akapiga muhuri.

Tulasa akatoka mbio kwenda maegeshoni, moyo mkononi, akitarajia maiti kwenye usukani. Akamkuta mzee amesimama kando ya gari, mgongo kwake, hajambo kabisa. Sijui shetani gani alimpanda Tulasa, akaita:

"Narapati Koirala!"

Mzee akainua mikono yote miwili juu, akidhani ni polisi. Alipogeuka akamkuta mkewe.

"Umenitaja?"

"Mara tatu mle ndani. Hii ya nne."

"Umeniua, mwanamke!" Akajishika mapigo ya mkono. "Kwa sababu gani?"

"Kausila."

Baba Khem akauachia mkono. Akajipapasa kifua, kisha mbavu, upande mmoja baada ya mwingine. "Basi panda gari," alisema, "nikupeleke nyumbani ningali na nguvu."

Tulasa akala kiapo, akapigwa picha ya pasipoti inayokataza kucheka, na pasipoti ikaja kwa posta ikiwa na sura ya mtu anayedai haki yake. Asubuhi hiyohiyo akampigia dada yake simu.

"Kausila, nakuja mwezi ujao. Lakini ilinibidi nimtaje shemeji yako kwa jina."

"We! Mbele ya mwanamume wa watu?"

"Mara tatu."

"Na yeye?"

"Yupo, anakula. Kaongeza hata kilo."

Kausila akashusha pumzi ndefu kule Nepal. "Kumbe haifanyi kazi! Huyu wangu namtaja kila asubuhi miaka thelathini sasa, nashangaa mbona ananenepa tu."