Fundi Unga Atafuta Spana, Mapafu Yatafuta Hewa

Wasomaji wote wanatangaziwa kwa heshima kubwa kwamba mkata mawe hodari kuliko wote mtaani, fundi wa meza za jikoni zinazong'aa kama kioo, ameingia karakanani asubuhi hii tayari kwa kazi. Yuko chini ya benchi, magoti sakafuni, anatafuta spana.

Bila spana hiyo, diski iliyolika haitoki kwenye grainda, mashine yake ya kukatia, na jiwe la mteja halikatiki. Amepekua makopo ya gundi, mifuko ya koti, hata kiatu chake. Amemshuku seremala jirani, kisha panya.

"Panya wa siku hizi wanafungua nati?" mkewe anauliza kutoka mlangoni.

Mtaani anaitwa Fundi Unga, maana jioni hutoka kazini mweupe kuanzia kope hadi kandambili, na watoto humwuliza mkate uko wapi.

Unga huo ni vumbi la mawe, na ameuvuta kwa miaka ishirini na miwili. Mafundi wa hapa hukata kavu. Huchora mstari kwa penseli, na vumbi likiufunika huinama na kuupuliza kwa mdomo. Kisha, kwa kuwa hakuna apulizaye bila kuvuta pumzi, huvuta. Mashine ya kukatia kwa maji ipo, kona ile, imefunikwa gunia. Kosa lake ni moja tu: maji hufuta penseli.

Jana alikwenda na mkewe hospitali kuchukua majibu ya kikohozi alichokuwa akikiita mafua sugu. Daktari akabandika picha ya kifua kwenye taa. Palipotakiwa kuwa peusi palijaa mabaka meupe, pande zote mbili.

"Nilidhani wamepiga picha karakana," anasema fundi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki.

Daktari aliwaeleza taratibu. Seli za mapafu hushikana kwa molekuli ndogo mno, mithili ya vifungo vya shati, na bila hizo pafu lisingekuwa kitu kimoja. Vumbi likijeruhi, seli za kuziba jeraha nazo huja na molekuli zao za kushikia. Zikishika, huvuta, na mvuto huo huamsha amri ya kutengeneza kovu jingine. Pafu hukakamaa, mvuto huzidi, kovu hutanuka. Dawa za kupunguza kasi zipo, ila kovu lililokwisha kujijenga haliondoki. Na akiendelea kula vumbi, dawa zenyewe hazitafua dafu.

"Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu," anasema fundi. "Ningeelewa kama kuna kitu kimeachia. Kumbe kimeshika! Mimi kutwa nasifu gundi inayoshika, na ndani nashikwa mpaka hewa haipiti."

Wakarudi nyumbani. Mlangoni akamwapia mkewe kwamba kukata kavu basi. Lakini leo mteja kapiga simu, na kiapo kimeingia ufa: kipande kimoja tu, cha mwisho.

"Cha mwisho cha jiwe, au cha pafu?" mkewe anauliza, kwa sauti ya chini.

Fundi anakaa juu ya ndoo. Anakohoa, anangoja kipite, anakohoa tena. Kisha anaokota kipande cha diski iliyovunjika, anakwaruza mstari juu ya jiwe, anatemea kidole mate na kuusugua. Mstari haufutiki.

"Huu maji hayaufuti," anasema, kama aliyeibiwa kitu miaka yote hiyo.

Kuanzia leo atakata kwa maji. Wanagenzi wake wawili watafuata, na atakayepuliza mstari atapiga deki wiki nzima. Anachotaka ni kimoja: mapafu yaliyobaki yamtoshe kucheka bila kuyaomba ruhusa.

Kisha anamgeukia mwandishi.

"Haya, mpwa wangu, umeandika vya kutosha. Mbona begi lako la shule linalia chuma kila ukikaa?"

Mwandishi wa habari hii, aliyekuja likizo na uso wa malaika, anakiri: spana aliichukua yeye jana jioni, mara baada ya kuiona ile picha ya kifua waliyorudi nayo, ili mjomba asikate kavu, na panya hawana hatia. Anairudisha. Ila kwanza anakwenda kona ile, anaondoa gunia kwenye mashine ya maji.