Uraka wa Shangazi na Chupa ya Kaka wa Dar

Leo uraka wa shangazi yangu, pombe ya mabibo ya mikorosho, umeushinda mvinyo wa dukani, mchana kweupe.

Nimeanza kutembeza watalii, na hawa walikuwa wageni wangu wa kwanza kutoka Dar: kuonja uraka kwa shangazi kijijini Rondo, kisha chakula cha mchana ufukweni Lindi.

Kaka mmoja kati yao akaja na chupa yake ya mvinyo.
"Mimi pombe ya mabibo hapana."

Shangazi wala hakushtuka. Akapiga funda la kwanza yeye, kama afanyavyo kila mwenye pombe, akamnyooshea kata.
"Nimeshaonja, baba. Hamna sumu."

Hapo unakataaje?

Akanywa. Akarudisha kata ijazwe tena.

Ufukweni, pweza mezani, yule kaka ananinong'oneza: "Dada, ule uraka umebaki?"

Nilikuwa na dumu zima.

Chupa yake inarudi Dar na kizibo chake. Mliosema hakuna atakayetoka Dar kufuata uraka, nawasubiri kwenye komenti.