Mpwa Wangu na Fundi wa Kuchomelea, Siku ya Kupatwa kwa Jua

Mpwa wangu analipwa kulipigia anga kelele. Anakaa kibandani katikati ya nguzo za antena, anarusha mawimbi ya redio juu kabisa, kwenye tabaka lenye chembe za umeme liitwalo ionosfia, kisha anatega sikio aunase mwangwi. Ukirudi, anajua huko juu kukoje bila kupanda hata ngazi. Mimi niliishia darasa la saba na nilimwelewa palepale; mumewe ana digrii, mpaka leo anadhani mkewe anatafuta mvua.

Ng'ambo ya ua wa kituo hicho cha antena kuna fundi wa kuchomelea mageti. Cheche zake huvuruga redio, na mwangwi wenyewe ni mnong'ono tu, unamezwa wote. Badala ya kwenda kuongea naye, mpwa wangu, kwa kiburi alichorithi upande wa baba yake, akamshtaki kwa watu wa umeme. Fundi akakatiwa umeme, wateja wakamkimbia. Umeme uliporudi, akahamishia mashine ubavuni kabisa mwa ua. Mpwa wangu akiwasha rada, ile mitambo yake ya mawimbi, fundi naye anawasha.

Ikafika siku ya kupatwa kwa jua. Jua likifunikwa, lile tabaka hupungua chembe zake, na mpwa wangu aliisubiri siku hiyo tangu aajiriwe. Ikimpita, hapati nyingine mpaka anastaafu. Asubuhi nikamkokota kwa fundi.

"Habari za kazi, fundi," mpwa wangu akasema.

"Kazi gani? Si ulishaniua?"

"Naomba leo mchana uzime kidogo."

"Omba radhi kwanza. Kwa sauti, wateja wangu wasikie."

Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, twende."

"Nenda wewe. Mimi natazama cheche, zinapendeza kuliko sura yako."

Akasonya, akaondoka. Alipofika geti la kituo akasimama, akarudi amevimba.

"Nilikukosea. Nilipaswa kuja kwako kwanza."

"Sijasikia."

"Nilikukosea! Umesikia, au nikapande juu ya nguzo?"

Wateja wakacheka. Fundi hakucheka. Akachomoa waya.

"Nazima kwa heshima ya mjomba wako. Wewe bado sikupendi."

"Wala mimi sikupendi."

Mchana giza likaingia. Kwenye skrini mwangwi ulikuja safi, ukawa unahamia mbali taratibu kadiri chembe za huko juu zilivyopungua, kisha ukaanza kurudi na mwanga. Mpwa wangu hakupepesa jicho. Jua lilipofunuka lote tu, fundi akachomeka waya, skrini yote ikajaa chenga. Mpwa wangu akamtukana kupitia dirisha, huku anahifadhi vipimo vyake.