Mama wa Kiti cha Nyuma

Usiniulize kama nilikuwa na malaria siku ile. Sikuwa nayo. Sikuwa nimekunywa bia, sikuwa nimekesha, na ilikuwa mchana kweupe, Jumamosi, pale mtaani Hewa Bora, watu wakipita na mikate yao. Nakwambia mapema kwa sababu kila niliyemsimulia hadi leo hunishika paji la uso kwanza, ndipo husikiliza.

Tena mimi ndiye mtu wa mwisho aliyepaswa kupatwa na jambo kama hili. Nafundisha falsafa chuo kikuu kule Kasapa. Naandika makala ambazo mke wangu huzisoma akikosa kitu kingine, na humo nimewacheka sana watu wanaokutana na marehemu barabarani. Nimewacheka hata katika tanbihi. Sasa zamu yangu imefika na hakuna anayenionea huruma. Basi nisikilize hivyo hivyo.

Mambo yalianza na gari. Mke wangu Georgette na mimi tulikuwa tumeamua kununua jeep ya familia. Si ya kujionyesha. Ya kupeleka watoto watatu shuleni, ya kubeba mfuko wa unga na gunia la makaa, ya kuvuka mashimo wakati wa mvua. Na zaidi ya yote, ya kumpeleka mama yake hospitali. Mama mkwe wangu alipatwa na kiharusi akaletwa kutoka Kongolo akae kwetu. Daktari alisema mguu wake utarudi, mradi asikose mazoezi pale hospitali hata juma moja. Lakini teksi za mji huu unazijua: mnabanwa humo kama dagaa. Kila safari ilimrudisha akiwa mgonjwa kuliko alivyotoka. Akaanza kukataa kwenda. Mwishowe akamwambia Georgette kwamba afadhali arudi Kongolo akafe kwa heshima, na hakuwa anatania. Alikuwa ameshafunga vitenge vyake.

Heshima! Neno hilo ndilo lililoniharibia hesabu zote. Kwa wazee wetu wa kaskazini mwa Katanga, mwanamume na mama mkwe wake hawaketi karibu. Hawatazamani usoni. Hawasemezani moja kwa moja: akitaka kuniambia neno, humwambia mtu wa tatu, na mtu huyo huniambia mimi, hata kama nimesimama palepale na masikio yangu mawili. Niamini, tangu nimuoe Georgette sijawahi kuuona vizuri uso wa mama yake. Ninamjua kwa visigino. Kwa hiyo swali la jeep, ambalo kwa watu wengine ni swali la mafuta na matairi, kwetu lilikuwa hili: mama atakaa wapi?

Jeep zenyewe zilikuwa mbili, zote kwa papa Kambale, mtu wa Kivu ya Kaskazini aliyeuza maharagwe kwa jumla kabla ya kugeukia magari ya mtumba. Nyeupe ilikuwa na viti vitano, injini ndogo, na usukani upande wa kushoto, kama inavyofaa katika nchi inayoendesha kulia. Ya bluu ilikuwa na viti saba katika safu tatu, usukani wa kulia, na kiu ya mlevi wa Kamalondo siku ya mshahara. Unajua kulipita lori la madini ukiwa na usukani wa kulia? Inabidi abiria wako achungulie kwanza akwambie kama utaishi. Mtu mwenye akili achague ipi? Mimi nilitaka nyeupe. Georgette alitaka ya bluu, kwa sababu ya ile safu ya tatu.

“Papa Nadège,” aliniambia, kwa jina la binti yetu wa kwanza kama anavyoniita siku zote, “mama hawezi kukala nyuma yako karibu bile. Ni haya.”

“Haya ya nini? Ni kiti!”

“Weye unasoma sana, lakini bintu bingine haubijue.”

Tukakubaliana kwamba mama mwenyewe azijaribu zote mbili. Mimi nitangulie, wao watakuja na teksi.

Basi nilikuwa nimekaa kwenye usukani wa ile nyeupe, uani kwa papa Kambale, nikifurahia harufu ya viti. Kioo cha katikati nilikuwa nimekwisha kukigeuza kitazame dari, ili nisije nikamwona mama mkwe kwa bahati mbaya. Nimesoma, lakini si kwamba sina adabu. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, pumzi ya mtu mzima anayepanda kwa shida, na sauti ya papa Kambale: “Karibu mama, polepole. Ngoja nikufunge mukanda.” Kisha akaja kukaa kando yangu.

“Mama alishafika, prof. Twende?”

“Na mke wangu?”

“Sikumuona. Pengine iko anaangalia ile ya bluu.”

Nikasema bila kugeuka, “Jambo yenu, mama.” Hakujibu, na hilo lilikuwa sawa kabisa. Nikatoa gari.

Hatukuwa tumefika hata barabara kubwa pale sauti ilipotoka nyuma yangu. Ilikuwa nzito kidogo, na nilidhani ni kwa ajili ya kiharusi. Ningeijuaje? Mama mkwe wangu hunong'ona nyuma ya kitambaa.

“Papa, umuambie mukwe wangu apunguze. Iko anapita mu mashimo sawa mutu anakimbia vita.”

Papa Kambale akanigeukia kwa unyenyekevu. “Prof, mama anasema mupunguze.”

“Nilimusikia. Umuambie nitapunguza.”

“Mama, anasema atapunguza.”

“Umuambie tena, magoti yangu inagusa kiti yake.”

“Prof, magoti ya mama...”

“Umuambie kiti inaweza kuenda mbele!”

“Kiti ikienda mbele,” ikasema sauti, “pumuzi yangu itaenda wapi? Itabakia tu mu shingo yake.”

Na kweli niliisikia shingoni. Ilikuwa baridi, lakini gari lilikuwa na kiyoyozi, na mimi nilikisifu kile kiyoyozi moyoni. Ndivyo tulivyo sisi wasomi.

Tulishika njia ya Kasapa. Hapo hasira yangu ilianza kupanda. Nilijiambia: huyu mama hajanisemesha tangu nimuoe binti yake, na siku anapoamua kusema, anasema ili kuiua jeep yangu! Nikaanza kutoa hoja. Nilimwelekea papa Kambale, maskini, ambaye hakuwa ameomba mhadhara. Nikamwambia amwambie mama kwamba desturi zilitengenezwa na watu waliotembea kwa miguu, ambao hawakuwahi kukaa ndani ya sanduku la bati lenye viti vitano. Kwamba mwili mgonjwa unahitaji hospitali kabla ya kuhitaji umbali. Kwamba haya ni wazo, na goti ni kitu. Nilifurahishwa sana na hilo la goti.

Papa Kambale akageuka nyuma akafupisha: “Mama, anasema mukale tu.”

Sauti ikasema, taratibu, kama mtu anayesimulia mambo ya jirani:

“Umuambie nilisha kukala mu gari ya bile. Gari ya mukwe wangu. Banatupeleka ku hospitali, batoto ku magoti, mifuko ku miguu, na miye nyuma yake kabisa, nikikohoa ananisikia mu mifupa. Yeye pia alisema mukale tu. Nikamuambia bibi yake, mutoto wangu: umuambie asimame. Akasimama. Nikashuka, nikatembea.”

“Mawee! Mulitembea mpaka wapi, mama?” akauliza papa Kambale.

“Niko natembea paka sasa.”

Wewe ungefanya nini? Ungepiga kelele, ungefunga breki, ungeita jina la Mungu. Mimi nilikasirika zaidi! Nilidhani ni fumbo. Nilidhani mama mkwe ananitishia Kongolo kwa methali, na nikamwambia papa Kambale kwa sauti kubwa amwambie mama kwamba mtu anayeshuka garini kwa ajili ya pumzi amejiua mwenyewe, mkwe hana kosa.

Papa Kambale hakutafsiri. Alikuwa ametazama mbele, mikono kwenye mapaja.

Nikajihesabia ushindi, nikageuza gari, tukarudi Hewa Bora.

Tulipokuwa tunaingia uani, teksi ilikuwa imesimama mbele ya lango. Georgette alikuwa amemshika mtu kwapani akimsaidia kushuka. Nikaona visigino. Nakuapia, nilivijua vile visigino kabla akili yangu haijafika. Mama mkwe wangu alikuwa ndiyo kwanza anafika.

Nikazima gari. Papa Kambale naye alikuwa ameshatazama kule langoni, na hakuhitaji mtu wa tatu wa kumwelezea. Nikafanya ambalo sijawahi kulifanya maishani: niligeuka kutazama kiti kilichokuwa nyuma yangu.

Mkanda ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umesimama hewani, umebinuka kama unavyobinuka juu ya kifua na tumbo la mtu mnene, na chini yake hapakuwa na kitu. Kisha, mbele ya macho yetu, ukalegea polepole, ukajilaza kwenye kiti.

Papa Kambale alishuka akakimbilia mlango wa nyuma. Akaushika, akauachia. “Prof, nilifunga hii mulango na ile kufuli ya batoto. Mutu wa ndani haiwezi kuifungua. Hawezi!” Kisha akanyoosha kidole kwangu. “Ule ni mutu yenu!”

“Wangu? Gari iko ya nani?”

“Alisema mukwe wake! Miye niko na mukwe hapa?”

“Weye njo ulimufunga mukanda!”

“Juu ulisema ni mama yako!”

“Sikusema kitu! Nilisema jambo!”

Naam, watu wazima wawili, mmoja mwalimu wa chuo na mwingine mzee wa kanisa, tulisimama uani tukigombania mzimu, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Georgette alituacha tuchoke, kisha akauliza. Papa Kambale akasimulia yote, pamoja na ule mhadhara wangu, ambao angeweza kuuruka. Akasema mama yule alikuwa na kitambaa cheusi kichwani, na alipomfunga mkanda nguo yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka kiunoni, kama mtu aliyetoka mbali.

Mama mkwe wangu alikuwa amesikia. Akamnong'oneza binti yake, na Georgette akanigeukia.

“Mama anauliza, ulimujibia nini ule mama?”

Nikatazama chini. Papa Kambale alikuwa ameshasema, lakini mama mkwe alitaka itoke kwangu. “Nilisema alijiua mwenyewe.”

Mama mkwe akaiacha mikono ya Georgette. Akaizunguka ile nyeupe kwa mbali, kama watu wanavyozunguka kaburi jipya, akaenda mpaka kwenye ile ya bluu akiburuta mguu wake. Papa Kambale akakimbia kulaza kiti cha katikati. Na yule mgonjwa, ambaye kwa majuma mengi alikuwa hawezi kupanda hata ngazi ya baraza letu, akajivuta, akashika hapa, akashika pale, akapanda mpaka safu ya tatu. Akaketi. Georgette alilia. Mimi nilielewa kwamba nimekwisha nunua gari.

Sasa nakuambia yaliyofuata, kwa sababu hayajaisha.

Ile nyeupe bado iko kwa papa Kambale. Siku hizi mteja akitaka kuijaribu, papa Kambale humtaka kila aliyemo ndani aseme jina lake kwa sauti, na watu husema mzee yule anaanza kuzeeka vibaya. Mimi naendesha ya bluu. Inakunywa. Kwenye njia ya Kasapa nimekwama nyuma ya malori, nikimuuliza mke wangu kama naweza kupita, naye hujibu “ngoja” kwa raha isiyofichika. Mama mkwe hakurudi Kongolo. Anaenda hospitali bila kukosa, mguu unarudi, na daktari anajisifu.

Lakini ile safu ya tatu ina viti viwili. Siku moja nilirusha begi langu juu ya kile cha pili, na kutoka nyuma ikaja: “Georgette, umuambie bwana yako atoshe begi. Kuko mutu.” Tangu siku hiyo hatuweki kitu. Binamu yangu, mtu mkubwa, mwanasheria, aliwahi kukaa pale kwa kiburi. Aliomba kushuka kwenye kona ya pili, akachukua teksi, na hadi leo hajaniambia ni kwa nini. Na tukiwa njiani kwenda hospitali nasikia nyuma kule minong'ono ya wanawake wawili. Ndiyo, wawili. Mara nyingine mama mkwe anacheka, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu augue. Georgette anasema nishukuru. Nishukuru nini? Nimelipia viti saba, natumia sita, namwendesha bure mama ambaye si wa ukoo wangu wala wa ukoo wa mke wangu, na ninajua vizuri sana ni nani anayechekwa!

Basi, wewe unayepanga kununua jeep ya familia, nisikilize. Uliza mafuta, uliza matairi, lakini kwanza mpe mama mkwe wako mahali pake, usimwambie akae tu. Na siku ya kujaribu gari, heshima iwepo, lakini geuka umtazame aliyekaa nyuma, umuulize ni wa nani. Ukikuta ameshakaa na mkanda umefungwa, usibishane naye. Mimi nilibishana naye kwenda Kasapa na kurudi Hewa Bora, kwa hoja zote nilizosomea, na ona leo naendesha gari gani.