Mkono Usiofika Kichwani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya mkoa pale Musoma, nilipelekwa kwenye mlango wenye maandishi ya STOO. Nilidhani nimepotezwa. Ndani kulikuwa na magongo ya kutembelea, kitanda kimoja cha mbao, na mzee aliyevaa koti jeupe lililoshonwa mfukoni kwa uzi mweusi. Huyo ndiye alikuwa Mkuu wa Idara ya Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Idara nzima ilikuwa yeye, na kuanzia asubuhi ile, yeye na mimi.

Hakunipa kiti. Alinyoosha mkono wake wa kulia akaniambia nitafute mahali amri ya kuukunja inapotoka. Nikashika kiwiko. Akatikisa kichwa. Nikashika bega. Akatikisa tena, akauchukua mkono wangu akauweka shingoni mwake, juu kidogo ya mtulinga, ule mfupa unaotoka kifuani kwenda begani.

"Hapa," alisema. "Mishipa ya fahamu inatoka shingoni, inapita chini ya mfupa huu, inashuka mpaka kwenye vidole. Mtu akianguka kichwa kikaenda huku na bega likaenda kule, mishipa hii inavutika au inakatika. Mkono utauona mzima, lakini hauna wa kuutuma."

Halafu akanifundisha jambo ambalo mpaka leo nalirudia nikiwa peke yangu. Misuli isiyopata amri inakonda na kufa taratibu. Mshipa uliokatika, hata ukiunganishwa na daktari wa upasuaji, unaota pole pole mno, kama milimita moja kwa siku. Kwa hiyo mgonjwa asiyeonyesha dalili ya kupona ndani ya miezi mitatu hivi lazima aonwe na bingwa. Ukingoja mwaka, mshipa utafika ukute misuli imeshakufa.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaosomea kazi hii. Waliponiomba, walitaka niwape moyo. Nitawaambia kilichotokea, na kama nitaonekana nina hasira, ni kwa sababu ninayo.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Bunda, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Mkubwa wangu pale alikuwa Mganga Mfawidhi, daktari aliyesimamia hospitali yote. Alikuwa mtu nadhifu, anayefika kabla ya wote, na alichukia rufaa. Kila mgonjwa aliyepelekwa Mwanza alimwona kama kasoro itakayosomwa kwenye kikao cha wilaya.

Hapo ndipo alipoletwa Nyangeta. Alikuwa msusi mwenye saluni yake karibu na stendi, mama wa watoto wawili. Bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye kokoto, akaangukia bega la kulia. Mifupa yote ilikuwa mizima. Picha ya eksirei ilipotoka safi, Mganga Mfawidhi akaandika kwenye faili: maumivu ya bega, mazoezi.

Nilimpima. Sisi tunapima nguvu za misuli kwa namba, sifuri mpaka tano. Kuinua bega, sifuri. Kukunja kiwiko, sifuri. Lakini vidole vilikuwa vinacheza vyote, vyepesi kama vya mtu mwenye afya. Mishipa ya juu ndiyo iliyokuwa imeharibika, ya chini ikabaki. Nyangeta alinionyesha kwa kunisukia uzi uliokuwa umening'inia kwenye shuka.

"Unaona, dada? Vidole vyenyewe vizima," alisema. "Nikiweza tu kuvifikisha kichwani kwa mtu."

Nilikwenda ofisini kwa Mganga Mfawidhi nikamweleza. Nilimwambia kuna upasuaji wa kuchukua uzi mmoja wa mshipa unaotuma vidole na kuuunganisha kwenye mshipa wa kukunja kiwiko, na kwamba kwa mgonjwa kama huyu ungefaa, iwapo atafika mapema. Alinisikiliza huku anapanga makaratasi.

"Sista, kazi yako ni kunyoosha viungo," alisema. "Kutambua ugonjwa ni kazi yangu. Mishipa inarudi yenyewe. Mpe muda."

Nilitoka. Nikampa muda. Nyangeta alikuja kila Jumatatu na Alhamisi, nami nilimkunja na kumkunjua kiwiko kisigande, nikamwambia asikate tamaa. Mwezi wa tatu nilirudi ofisini, nikajibiwa vilevile. Mwezi wa sita nilirudi, nikakuta mlango umefungwa, nikashukuru umefungwa. Ndiyo, nilishukuru. Nilimwona yule mwanamke misuli ya bega ikiyeyuka wiki hata wiki mpaka mfupa ukachomoza, na kila jioni nilikwenda nyumbani nikala chakula changu. Nilikuwa naogopa kuhamishwa. Mganga Mfawidhi nilimkasirikia sana, lakini yeye hakuwa akiushika ule mkono mara mbili kwa wiki. Mimi nilikuwa naushika.

Nyangeta alipata barua ya rufaa baada ya mwaka na miezi kadhaa, pale Mganga Mfawidhi alipokuwa likizo na msaidizi wake akasaini. Nilimsindikiza Mwanza. Bingwa wa mifupa alimpima, akaniuliza mimi, si mgonjwa, kwa nini tumekuja sasa. Alisema mshipa hauna tena cha kufufua. Alichoweza ni kupandisha mahali misuli ya chini ya kiwiko inaposhikilia mfupa, ili imsaidie kukunja kidogo. Alifanya hivyo. Kiwiko kilikunjika, kwa kujikaza. Bega halikuinuka tena.

Nyangeta aliuza viti vya saluni. Sasa wateja wanakaa chini kwenye mkeka, yeye anaegemeza kiwiko gotini anawasuka hivyo, mtu mmoja kwa siku, zamani alikuwa anamaliza wanne. Watu wa Bunda wanamsifu kwa ujasiri. Mimi sifa hizo zinanichoma. Hakuumbwa ili awe mfano wa ujasiri. Alitakiwa awe na mkono.

Mwaka uliofuata aliletwa fundi paa kutoka Bugwema, anaitwa Masatu. Bati lilimkata nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Walimshona ngozi vizuri sana. Kiganja chake kikaning'inia, hawezi kukiinua wala kunyoosha vidole, maana mshipa unaofanya kazi hiyo unapita pale pale. Jeraha la kitu chenye makali halihitaji kusubiriwa. Unalifungua, unatafuta ncha mbili za mshipa, unaziunganisha. Mganga Mfawidhi aliandika: mazoezi.

Safari hii sikwenda ofisini. Niliandika barua kwa mkono wangu, nikaeleza nilichopima, nikasaini jina langu na cheo changu, nikapanda naye basi la Mwanza alfajiri bila ruhusa. Yule bingwa alipoiona barua alisema haina mhuri. Nikamwambia najua. Akamfungua Masatu wiki ile ile, akaunganisha ncha kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Baada ya miezi saba hivi Masatu alianza kuinua kiganja, kwanza kwa kutetemeka. Leo yuko juu ya mapaa.

Mimi niliitwa ofisini. Mganga Mfawidhi hakufoka. Alinisomea kosa langu, kisha uhamisho wangu: Butiama, ambako hapakuwa hata na kitanda cha mazoezi. Nilimuuliza kama anataka kujua hali ya mgonjwa. Alisema hilo haliko kwenye ajenda.

Nilimalizia utumishi Butiama, nikitibu kwenye benchi la koridoni. Siku ya kuniaga walinisifu kwa uvumilivu, nikalitafuna neno hilo pamoja na pilau yao.

Sasa naishi Nyakato. Mwezi uliopita jirani aliniletea mwanawe wa miezi minne. Wakati wa kuzaliwa bega lilikwama, shingo ikavutwa, na tangu hapo mkono umelala. Aliambiwa mtoto atapona mwenyewe akikua. Ni kweli wengi hupona. Lakini aliyefika miezi mitatu bila kukunja kiwiko anatakiwa aonwe na daktari wa upasuaji, na huyu alikuwa hajakunja hata mara moja.

Nilivaa viatu tukaenda hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, akanipisha kiti, akasema, "Shikamoo mama. Tumpe muda kidogo kwanza."

Nikamjibu marahaba. Nikamwambia kiti abaki nacho, aandike rufaa, nami nitasimama hapo mlangoni mpaka amalize. Foleni nyuma yangu ilianza kunung'unika. Sikusogea. Alinitazama, akamtazama mtoto, akaushika ule mkono mdogo na kuuachia, ukaanguka.

Akavuta karatasi.