Mwezi wa Sanduku la Ogola

Mwezi mmoja tu maishani mwake Seline Anyango alisoma vitabu mpaka akashiba, na ndio mwezi aliomzika mumewe. Mpaka leo akiona kitabu cha hadithi kimechakaa jalada, hugeuza uso.

Ilikuwa mwaka 1987, Asembo Bay. Ogola, karani bandarini Kisumu, aliletwa nyumbani kwenye jeneza, pamoja na sanduku la bati ambalo akiwa hai hakuruhusu liguswe. "Utanichafulia vitabu na mikono yako ya samaki," alizoea kumwambia mkewe. Baada ya mazishi, mila ilimfungia Seline ndani: mjane haingii nyumba ya mtu wala hakanyagi sokoni mpaka desturi za kumfungua zifanywe.

Akafungua sanduku. Alisoma kisa cha nesi aliyependwa na ndugu wawili, akakirudia kutoka mwanzo. Alisoma visa vya wapelelezi, uji ukaungua jikoni. Lakini kilichomteka kabisa kilikuwa cha mwizi wa ng'ombe aliyejifanya mchungaji wa kanisa. Alipofika mahali mwizi anaombwa ambariki ng'ombe aliyemwiba mwenyewe, na ng'ombe anamtambua, kicheko kilimpanda. Akajiziba mdomo kwa leso. Mabega yakatikisika, machozi yakamtoka.

Mama Dorca, mama mkwe wake, akamkuta hivyo.

"Nyar Sondu," akamwita, yaani binti wa Sondu, kwa jina la kwao alikozaliwa, kama wake wote wanavyoitwa pale. "Woi, mtoto wangu. Lia tu. Lia mpaka iishe." Akamkumbatia, akaanza kulia yeye. Chake kilikuwa kilio cha kweli.

Alipotulia, akakiona kitabu. Hakujua kusoma.

"Ni Maandiko yamekuliza hivi?"

"Ndiyo, Mama."

"Nisomee hapo hapo."

Seline akautazama ukurasa wa ng'ombe. Sentensi ya kwanza aliitunga kwa kusitasita. Zilizofuata zilikuja zenyewe. Akasoma yasiyokuwepo: kwamba Mungu aliketi chini, mavumbini, pamoja na mama aliyefiwa na mwanawe, wala hakumwambia nyamaza.

"Sema tena hapo," Mama Dorca akanong'ona.

Tangu siku ile alikuja kila jioni kusomewa. Seline alimtungia, na mama akiisha kutoka, alirudi haraka kwa mwizi wake.

Siku ya kumfungua, boma lilijaa. Lornah, dada ya marehemu, alimkagua Seline kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Yawa, huyu amenona! Huzuni ya Sondu inanonesha watu?"

Wanawake wakacheka.

"Funga mdomo, Lornah," Mama Dorca akasema. "Wewe ulirudi kwako siku ya pili. Huyu ndiye alinishika mkono." Kisha akamgeukia mchungaji aliyekuja kuongoza ibada. "Baba, tusomee yale ya Mungu kuketi mavumbini na mama aliyefiwa."

Mchungaji akafunua Biblia mbele, akafunua nyuma. "Hayo yako sehemu gani, Mama?"

"Mpe Nyar Sondu. Yeye anajua mahali."

Kitabu kikapita mkono kwa mkono mpaka magotini pa Seline. Watu wakangoja. Angeweza kufungua popote akayasema. Aliyajua kwa moyo. Lakini mchungaji alikuwa amesogea akachungulia juu ya bega lake, apate kuuona ukurasa.

"Mama, hayamo humu," akasema.

"Yamo wapi?"

"Niliyatunga mimi. Kile nilichokusomea kilikuwa kitabu cha hadithi."

Mama Dorca akamgeukia.

"Na siku ile nilipokukuta unalia?"

Seline akainamisha kichwa.

Mama Dorca akaichukua Biblia magotini pa Seline, akaifuta kwa ncha ya kanga yake, akamrudishia mchungaji. "Soma unayoyajua, Baba," akasema. Kisha akasogea kando kwenye mkeka waliokalia, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mke wa mwanawe.