Waliosema Otilia Yumo Kwenye Mashine

Nilipokuwa mtoto hakuna aliyenifundisha kwamba ndondocha hula pumba. Nilijua tu, kama nilivyojua kwamba kule mtoni kuna mamba na kwamba mtoto hapiti mbele ya wakubwa bila kusema shikamoo. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akitusimulia wakati tunamenya mihogo. Mtu anachukuliwa na wachawi, alisema, ndugu zake wanamlilia na kumzika, kumbe waliyemzika ni mgomba. Mwenyewe yuko nyumbani kwa tajiri fulani, amekatwa ulimi, anafanyishwa kazi kama ng'ombe, na chakula chake ni pumba.

"Na anayemtoa," Bibi alimalizia kila mara, "ni mtu wa damu yake. Mchawi hamchukui mtoto mpaka mzazi aitikie."

Nilikuwa naipenda simulizi ile. Niliipenda mpaka mwaka dada yangu Otilia alipopotea.

Kijiji chetu kiko ufukweni mwa ziwa, kaskazini kidogo ya Mbamba Bay. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, ambapo vitenge na sabuni za kunukia vilirudi madukani na kila mwenye nguvu akaambiwa ajitafutie. Baba alikuwa mvuvi kama baba za wenzangu. Kisha akaanza kukausha usipa, vidagaa vya ziwani kwetu, na kuupandisha Mbinga kuwauzia Wamatengo, maana wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanawafuata mpaka shambani, na mtu aliyeuza kahawa hali mboga za majani tu. Alishuka na maharage na mahindi, akayauza kwetu. Hakuwa tajiri. Alikuwa tu haketi.

Mashine ya kusaga ya ushirika ilikuwa imekufa siku nyingi na mama zetu wamerudi kwenye kinu na mchi. Baba akasema ataleta mashine, yake mwenyewe. Watu walicheka. Mashine walizozijua zilikuwa za kijiji, za misheni au za serikali. Mtu waliyekuwa wanavuta naye nyavu, mwenye magaga miguuni kama wao, atatoa wapi mashine?

Otilia alikuwa darasa la sita. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na marafiki kila nyumba, hata kwenye vibanda vya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wanaishi upande wa kusini wa kijiji. Jumamosi moja mchana alibeba vyombo kwenda kuviosha ziwani. Mimi nilitaka kumfuata, mama akanizuia kwa sababu nilikuwa na homa. Jua lilipoanza kushuka mama alikwenda kumwita. Akakuta vyombo vyote vimeoshwa, vimefunikwa juu ya jiwe, vimekauka. Otilia hakuwepo.

Siku zile za kwanza sitawasema vibaya watu wa kwetu. Wanaume walipiga mbizi, walikokota nyavu, walipekua magugu mpaka mdomo wa mto. Wanawake walilala kwetu, wakatupikia. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Lakini mwili haukuelea, na kwa watu wa ziwani hilo ni jambo zito. Ziwa humrudisha mtu. Mamba naye huacha nguo. Wazee wakaanza kusema kwamba ambaye ziwa halikumrudisha, basi ziwa halikumchukua.

Hapo ndipo mama yangu alipofanya kosa lake la kwanza machoni mwao. Walimwambia tuweke matanga, akakataa.

"Nimlilie nani?" aliwauliza wazee waliokaa uani. "Nionyesheni kaburi nilie. Mwanangu hajafa."

"Mama Otilia, umejuaje kama hajafa?" mwenyekiti wa kijiji alimwuliza.

Mama hakuelewa swali lile lilikuwa na maana gani. Mimi pia sikulielewa. Wote waliokuwa pale, isipokuwa sisi, walilielewa.

Halafu mashine ikafika. Baba alikuwa ameiagiza na kuilipia zamani, kabla ya yote hayo, akaambiwa asubiri. Ikafika kwa boti kutoka Mbamba Bay wakati macho ya mama bado yamevimba. Ingefika mwezi mmoja kabla, nadhani tungeishi maisha mengine. Niliwaona wanaume wakisaidia kuishusha, wakiibeba kwa magogo mpaka kwenye kibanda alichokijenga baba. Walikuwa kimya mno kwa watu wanaobeba kitu kizito.

Baba alizungusha hendeli, injini ikakohoa, ikapiga mluzi mrefu kabla ya kutulia. Mama Festo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alishika kichwa.

"Sikilizeni," alisema. "Si inaita mamaaa?"

Kuanzia siku ile watu wote walisikia. Otilia yumo kwenye mashine, walisema, ndiye anayeizungusha. Dizeli ni ya kuzugia tu. Na pumba zote zile zinazobaki zinakwenda wapi? Baba alikuwa akiwauzia wafuga nguruwe, na wafuga nguruwe walijua hivyo, na wao pia waliuliza zinakwenda wapi.

Jambo ambalo mpaka leo linaniuma ni kwamba hawakuacha kuja. Waliamini kabisa kuwa dada yangu amekatwa ulimi na amefungwa ndani ya kile chuma, na waliamka asubuhi wakabeba mahindi na mihogo mikavu wakaja kupanga foleni. Mama Festo alikuwa wa mbele. Aliweka ndoo yake chini, akasimulia alichosikia jana, na zamu yake ilipofika akamwambia baba asage laini. Wakaenda nyumbani wakapika ugali. Watoto wao walikula wakashiba.

Bibi alihama. Alifunga nguo zake kwenye kanga akaenda kwa baba mdogo, na hakula tena chakula kilichopikwa kwetu. Baba alimfuata kwa magoti.

"Mama, mimi ni mwanao. Ulinizaa wewe."

"Nilimzaa mvuvi," Bibi alimjibu. "Huyu mwenye mashine simjui."

Mimi nilikuwa na miaka minane, na nilimwamini Bibi. Sikumwamini kwa ubaya. Sikuwaza kwamba baba ni mwuaji. Niliwaza tu kwamba dada yangu yuko karibu, na ana njaa. Kwa hiyo mchana mmoja, baba amekwenda kusugua mtumbwi wake na injini imezimwa, nilificha ugali na usipa wa kukaanga kwenye bakuli nikaingia kibandani. Nikapiga magoti karibu na pale unga unapotokea. Nikasema, "Dada Oti, leo usile pumba. Nimekuletea usipa."

Sikujua baba amerudi. Alikuwa amesimama mlangoni, ametota mpaka kiunoni.

Sijawahi kuona tena uso wa mtu ukiwa vile. Polisi walikuwa wamemweka ndani siku kadhaa, wakamwachia, na watu wakasema amewahonga. Alirudi akaendelea kusaga. Mama yake alimkana, aliendelea kusaga. Lakini kumkuta mtoto wake akiongea na mashine kulimkalisha chini, kwenye unga.

"Nani kakwambia?" aliuliza taratibu.

"Bibi."

Alinyanyuka. Kisha akachukua spana, akaanza kuifungua mashine mbele yangu. Alitoa mkanda, akanipa niushike. Akatoa mfuniko, zile nyundo za chuma ndani, chujio la bati lenye matundu, akavipanga sakafuni. Jasho lilimtiririka likachanganyika na unga, akawa mweupe usoni kama mtu aliyepakwa.

"Ingiza mkono," alisema. "Ingiza mpaka mwisho. Kuna mtu?"

"Hakuna, baba."

"Kuna nafasi ya mtu?"

"Hakuna."

"Basi kawaambie wenzako shuleni."

Niliwaambia. Nilikuwa na furaha, nikidhani nimeleta habari itakayomaliza mambo. Festo, mtoto wa jirani, alinicheka mbele ya darasa zima. "Kwani ndondocha anaonekana?" alisema. Hata mwalimu alitabasamu.

Kikao kiliitishwa, ikaamuliwa aletwe mnyoaji kutoka upande wa Songea. Kwa asiyejua: mnyoaji humnyoa anayetuhumiwa nywele zote, akamnywesha dawa, na inasemwa kwamba uchawi wake unakufa papo hapo na alichokifunga kinafunguka. Baba alikataa katakata.

"Nikikaa kwenye kile kigoda nimekiri," alimwambia mama. "Na wewe hukai."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini. "Mimi nitakaa. Kama nywele zangu ndizo zinazomzuia mwanangu kurudi, wazichukue."

"Unajua kuwa si kweli."

"Najua. Lakini kama kuna neno moja tu la kweli ndani yake, Baba Otilia, nitajibu nini? Kwamba nilizionea huruma nywele?"

Alinyolewa uwanjani karibu na ofisi ya kijiji, saa nne asubuhi, watoto wa shule wakiwa wameruhusiwa kwenda kutazama. Mama alikuwa na nywele nyingi, za kusuka. Mnyoaji alitumia wembe mkavu, akamchana mahali karibu na sikio. Mama hakufuta damu. Alikunywa dawa, akatapika, watu wakapiga vigelegele kwa sababu kutapika kulikuwa dalili nzuri. Kisha akasimama na kipara chake kinachong'aa, akageuka akatazama njia itokayo ziwani. Aliitazama kwa muda mrefu sana. Nilitazama na mimi. Alipita mbuzi.

Otilia hakuja, na mnyoaji akasema ni kwa sababu mume hajanyolewa, na kazi iliyofanywa na wawili haifunguliwi na mmoja. Wiki ile ile mtu aliweka moto kwenye paa la kibanda. Tuliuzima, lakini baba alikuwa amechoka. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeinunua mashine, kwa bei ya kutupa. Akaiwasha palepale, kwenye kibanda kilekile, ikapiga mluzi uleule. Hakuna aliyesikia mtoto akilia. Niliwahi kumsikia Mama Festo akiisifia kwamba siku hizi inasaga laini.

Tulihamia Mbinga. Baba aliuza mitumba sokoni, akawa mtu wa maneno machache, akafa nikiwa kidato cha tatu. Baada ya mazishi mama alinishangaza: alisema anarudi ziwani. Nilimkasirikia. Nilimwuliza anarudi kwa watu gani.

"Sirudi kwao," alisema. "Otilia akija, atakuja kule. Mbinga hapajui."

Akarudi kuishi katikati yao zaidi ya miaka ishirini. Alisali nao kwenye jumuiya, alizika wafu wao, aliwapokea wajukuu wao walipozaliwa. Hawakumwita tena Mama Otilia. Walimwita kwa jina langu, Mama Agnes, kana kwamba uzazi wake ulianzia kwangu. Akiitwa hivyo alikuwa anageuka polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna mwingine aliyeitwa.

Mwaka jana tumemzika. Mama Festo, mzee sasa, haoni vizuri, alikuja kukaa karibu nami kwenye mkeka. Alinishika mkono akalia machozi ya kweli. Alisema mama alikuwa mwanamke mvumilivu. Halafu, kwa sauti ya mtu anayekumbuka kitu cha zamani ili kupitisha muda wa msiba, akasema:

"Na yule dada yako. Siku ile mimi nilimwona, unajua."

"Ulimwona wapi, mama?"

"Palepale pwani. Ameshamaliza vyombo, amesimama majini anaongea na wale wanawake wa Msumbiji. Boti lao lilikuwa linaondoka, wanarudi kwao, vita vimekwisha. Mmoja alikuwa amemshika mkono."

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Nilimwuliza kwa heshima, kama mtoto anavyomwuliza mama.

Alinigeuzia uso kwa mshangao, na nikaona hajaficha chochote, hana hata aibu. "Ningesema nini, mwanangu? Kwanza tulidhani ni maji. Halafu tulikuwa tumeshajua."

Nilivuka mpaka kuingia Msumbiji miezi michache baadaye, nikazunguka vijiji vya upande ule nikiuliza kuhusu msichana mrefu aliyependa kucheka. Watu walikuwa wema. Walinipa kiti, wakafikiri sana, wakaniambia ni zamani mno. Huenda alipanda boti lile. Huenda alimuaga rafiki yake tu, akateleza baadaye. Sijui, na sitajua.

Wasomi wenzangu nikiwasimulia hutikisa kichwa wakasema ushirikina ni ujinga. Mimi siwezi kuridhika na neno hilo. Bibi hakuwa mjinga, na simulizi yake haikumdhuru mtu miaka yote tuliyoisikiliza tukimenya mihogo. Kilichotokea ni kwamba wakati fulani watu wa kwetu walipata jibu, na walipolipata waliacha kutafuta. Boti lile, kama yote ya wakimbizi wale, lilikuwa linakwenda kwa makasia. Kama neno la Mama Festo lingesemwa wiki ile, baba angelifuata na kulifikia, na kama mwanawe hayumo, angalau angejua hayumo. Neno hilo lilikuwepo. Lilikuwepo uwanjani siku mama aliponyolewa, mstari wa mbele kabisa, katika kinywa cha mwanamke aliyekuwa anapiga vigelegele.